Siku Niliyomtafsiri Bibi

Ningeweza kumwambia baba hapana. Nimelifikiria jambo hili tangu nikiwa kijana mpaka sasa ndevu zimekuwa nyeupe zote, na kila mara nafika palepale: baba ameinama anamfunga dume kamba ya kwenda naye mnadani Bunda, hajanishika, hajanitisha, ameniambia anachotaka kisha amenyamaza, anangoja. Nafasi ya kusema hapana ilikuwepo. Nilisema, "Ndiyo, baba."

Alichotaka ni hiki. Mgeni wa makumbusho atakapokuja nyumbani kuongea na bibi, mimi ndiye nitakayetafsiri. Na chochote bibi atakachosema juu ya vile vigae vya vyungu vilivyotoka shambani kwetu, mimi niseme bibi hajui.

Sikuwa nimepanga kuandika habari hizi. Majuzi jumuiya yetu ya hapa Musoma ilikodi basi dogo, wazee tupu, twende tukaone maonyesho ya vitu vya kale vya mkoa wetu. Wenzangu walisimama mbele ya mikuki na ngoma. Mimi nikasimama mbele ya sanduku la kioo lenye vipande vya vyungu vyeusi, vimechorwa alama za kusukwa, mistari juu ya mistari, kama mtu aliyebonyeza mkeka kwenye udongo mbichi. Kioo hakipitishi harufu, lakini niliisikia: udongo wa mtoni ukianza kukauka, na moshi wa samadi ya ng'ombe. Binti aliyekuwa anatuongoza akasema vipande hivyo vilichimbwa zamani upande wa Butiama, ndiko kwetu, pamoja na mabaki ya tanuri za kuyeyushia chuma, na kwamba waliovifinyanga hawajafahamika.

"Labda vilijifinyanga," akatania mzee mmoja, watu wakacheka, wakasogea mbele.

Mimi nikabaki. Nikamwambia yule binti, "Ni Waturi." Akageuka haraka. "Nani alikwambia, babu?" Nikasema bibi yangu. Ndipo akaanza kuuliza, na macho yanang'aa: kamba ya kuchorea ilisokotwa kwa mmea gani? Tanuri zilikaa upande gani wa mlima? Walikuja kutoka wapi, wakahamia wapi? Nikatafuta jina la mmea, jina la mlima, nisiyapate. Bibi aliyasema yote hayo mbele yangu, taratibu, kwa lugha ninayoielewa. Mimi siku ile nilikuwa nashughulika kutunga uongo, sikuwa na mkono wa pili wa kupokea ukweli.

Niwaeleze wasio wa kwetu. Ndani ya kabila letu palikuwa na watu wa aina mbili. Sisi tulikuwa watu wa jembe na ng'ombe. Wenzetu Waturi walikuwa wafua chuma, na wake zao wafinyanzi. Lugha moja, mavazi yaleyale, baadaye hata kanisa lilelile na benchi lilelile. Ulinunua jembe kwa Mturi, ulipikia chungu cha Mturi, mkuki uliolinda ng'ombe wako aliufua Mturi. Lakini hukumuoa binti yake, wala yeye hakumuoa wa kwako. Waliosema hivyo hawakueleza sababu. Ilikuwa imeshasemwa.

Bibi yangu, mama yake baba, kila mtu kijijini alimjua kama mwanamke wa Suguti. Babu alikuwa amefanya kazi kwenye machimbo ya dhahabu ya Buhemba, akarudi na hela kidogo, koti, na mke. Alisema amempata kwa watu wa Suguti, na kwa kuwa Suguti ni mbali na watu wa kule wana lugha yao, hakuna aliyefuatilia. Sisi watoto tulijua tu kwamba bibi anapenda samaki wadogo wa kukausha kuliko nyama, na hiyo ilitutosha kuamini kwamba ni mtu wa ziwani.

Alikuwa mcheshi. Aliniita "mume wangu," kama bibi wote wanavyowaita wajukuu wao wa kiume, ila yeye aliutendea haki utani ule. Nikirudi shule bila kuni, alipiga kelele mpaka kwa jirani: "Njooni muone nilivyoolewa! Mume anakuja mikono mitupu!" Nikila sana alisema ananinenepesha ili wanawake wengine wamuonee wivu. Mimi nilijibu kwamba nitaoa mke wa pili, mwenye meno.

Alikuwa na mambo yake mengine ambayo sikuyaelewa. Sokoni, akitaka kununua chungu, aligonga ubavu wake kwa kifundo cha kidole na kutega sikio kama daktari. Halafu aliingiza dole gumba ndani ya mdomo wa chungu na kuzunguka nalo polepole, macho amefumba. Vyungu vingi aliviacha. Wauzaji walimnunia. "Huyu bibi wa Suguti hanunuagi, anakujaga kusumbua tu," mmoja alisema. Niliona aibu, nikadhani ni ubahili.

Na mvua ikinyesha, tukipita pale mtoni kwenye kingo, alichomoa udongo kidogo, akausugua kati ya vidole, akauonja. Mimi nilishasikia kwamba wanawake wenye mimba ndio wanaokula udongo. Nikaenda kwa siri kumweleza dada yangu Nyangeta kwamba bibi ana mimba. Nyangeta alicheka mpaka akakaa chini, akaenda kumwambia mwenyewe. Bibi hakucheka. Alinitazama kwa huruma kubwa, mkono tumboni. "Kama ipo, ni yako, mume wangu. Anza kutafuta ng'ombe."

Nyangeta ndiye aliyekuwa anaolewa mwaka ule wa mgeni wa makumbusho. Posa ilikuwa imeshaletwa na familia moja ya Bunda, watu wenye ng'ombe na jina zuri kanisani, na mazungumzo yalikuwa yanaenda vizuri. Nyangeta alimpenda kijana mwenyewe; nilijua kwa sababu kila akitajwa alianza kufagia.

Katika miezi hiyo ndipo wageni wa makumbusho wakaja na Landrova yao. Waliomba ruhusa, wakanyoosha kamba juu ya kipande cha shamba letu kilichokuwa kimepumzishwa, wakaajiri vijana wachache wa kijijini, wakaanza kuchimba taratibu kwa vijiko na brashi. Udongo wote waliuchekecha. Kijiji kizima kilikuwa na hakika kwamba ni dhahabu.

"Buhemba imehamia kwetu," alisema jirani yetu, akiegemea fimbo.

"Mbona wanaokota vigae?" mwenzake akauliza.

"Ndiyo ujanja huo. Utamuonyesha mwenye shamba dhahabu?"

Mkubwa wao alikuwa mtu wa pwani, mpole, Kiswahili chake kimenyooka mpaka tulimwiga. Watoto tulimpa jina la Bwana Chekeche. Alinipenda kwa sababu nilikuwa naongea Kiswahili cha shule na sikuchoka kuuliza. Shamba lile lilikuwa limejaa mawe meusi mazito yenye vitundu, ambayo siku zote tuliyaita mavi ya chuma. Nilikuwa nimeamini tangu utotoni kwamba chini ya ardhi kuna mnyama wa chuma anayepita usiku, na hayo ni mavi yake. Kwa hiyo nilimuuliza Bwana Chekeche kama wanachimba kumtafuta. Hakunicheka. Alinionyesha bomba la udongo lililoungua, lenye tundu katikati, akaniambia kwamba hapa palikuwa na tanuri, upepo wa mivukuto ulipita ndani ya bomba hili, chuma kikayeyuka, na mawe haya ndiyo uchafu uliobaki. "Sasa nataka kujua," akasema, "walikuwa akina nani?"

Siku moja bibi aliwaletea wachimbaji uji. Vigae vilikuwa vimetandazwa juu ya gunia. Aliweka chungu cha uji chini, akachuchumaa, akakiokota kipande kimoja cha mdomo wa chungu, chenye zile alama za kusukwa. Akaingiza dole gumba kwa ndani, akalizungusha palipokuwa na duara la kulizungusha, mpaka kipande kikaisha. Akarudia. Uji ulipoa.

"Hapa ni kwetu," alisema kwa sauti ndogo.

Nilimjibu, "Ndiyo, bibi, ni shamba letu." Akanitazama kama mtu aliyesahau kwamba nipo.

Nilichokisikia baadaye kilitoka jikoni kwake, mimi nikiwa nje namenya mihogo. Baba alikuwa ameinama mlangoni.

"Mama, nakuomba. Hao ng'ombe wa Bunda hawajafika."

"Nimenyamaza tangu babaako aliponiingiza nyumba hii," bibi alisema. "Nimenunua vyungu vya wanawake wasiojua kufinyanga, nikavipikia. Sikusema neno. Huyu mgeni anaondoka. Nitamwambia mmoja tu, anayeondoka."

"Watakuja kujua."

"Atakayewaambia ni nani? Wewe?"

Baba alitoka. Kesho yake, pale zizini, ndipo aliponiambia. Alinieleza bibi ni nani: Mturi, wala si mtu wa Suguti. Alinieleza Waturi ni nini kwa wakwe wa Bunda. Bibi alikuwa amemwita Bwana Chekeche yeye mwenyewe, na baba hakuweza kumkataza mama yake. Alichoweza ni kuhakikisha wachimbaji wa kijijini, wanaoelewa lugha yetu, hawakaribii, na mkalimani ni mimi. Kisha akasema neno lililonimaliza: "Hawa watu wakijua, watamweka kwenye kioo, kila mtu apite amsome."

Yeye alimaanisha habari zake. Mimi nilimuona bibi mwenyewe. Nilimuona amekalishwa kwenye kigoda chake ndani ya sanduku la kioo, huko mjini, watoto wa shule wamepanga mstari, wananyoosha vidole. Nikasema ndiyo, baba, na nikaamini kwamba naenda kumuokoa.

Lakini sitajificha ndani ya utoto wangu, kwa sababu ya yaliyofuata.

Bwana Chekeche alikuja, akaamkia shikamoo, akakaa kwenye kigoda. Tulikuwa watatu tu. Bibi alikuwa amevaa kitenge chake cha kanisani. Alikuwa na kile kipande cha mdomo wa chungu mapajani. Mgeni akauliza swali lake, nikamfikishia bibi kama lilivyo, na bibi akaanza.

Aliongea kama mtu anayetembea njia anayoijua. Alisema mabomba yale ya udongo waliyafinyanga wanawake, kwa kuzungushia udongo kwenye mti uliolainishwa, halafu mti unachomolewa. Alisema mama yake alichora kwa majani ya mmea fulani, yaliyosokotwa kuwa kamba fupi, inayoviringishwa kwa kiganja juu ya udongo mbichi, na kila nyumba ilisokota kwa namna yake, kwa hiyo hata kigae ukikikuta njiani unajua ni cha nyumba ya nani. Alitaja nyumba hizo. Alitaja kilima walikotoka na kwa nini walihama. Alisema, na hili nimelishika kwa sababu aliligonga kwa kidole kwenye paja langu: "Mwambie majembe yetu ndiyo waliyotolea mahari. Bibi zao wote waliolewa kwa majembe yetu. Sisi wenyewe hatukuolewa."

Kisha akasema: "Mwambie asiandike jina langu. Asiandike nyumba hii wala mwanangu. Aandike tu Waturi. Dada yako anaolewa."

Hapo ndipo utetezi wangu unapoisha. Bibi alikuwa ameshalifikiria lile lililomtia baba hofu, na ameshaweka kifuniko. Nililisikia, nikalielewa. Hakukuwa na sanduku la kioo tena. Ningeweza kusema yote na dada yangu asipate doa.

"Anasemaje?" Bwana Chekeche aliuliza, kalamu tayari.

"Anasema hajui," nikasema. "Anasema walivikuta."

"Ameongea yote hayo?"

"Anasema pia zamani hapa palikuwaga na nyoka wengi."

Mgeni alitabasamu, akafunga kalamu. Bibi alitazama kalamu, akanitazama mimi. "Mume wangu," alisema, "mbona mimi nimesema mengi na wewe umesema kidogo?"

"Kiswahili ni kifupi, bibi."

Aliniamini. Alinishika kichwa, akafurahi jioni yote. Alimtania Nyangeta, alijitia kucheza ngoma na mwiko mkononi. Nilimuona mwepesi kama mtu aliyetua mtungi baada ya safari ndefu, na mimi nikafurahi pamoja naye, kwani nilidhani mambo yameisha vizuri kwa kila mtu. Hivyo ndivyo mtoto anavyoweza kula furaha aliyoiiba.

Wageni walipomaliza kazi walipita nyumbani kuaga. Landrova ilikuwa inanguruma. Bwana Chekeche alishuka, akamshika bibi mikono yote miwili, na kwa kuwa alijua kwamba bibi hasikii Kiswahili vizuri, alikiongea polepole, neno moja moja, na ishara za mikono.

"Bibi. Asante. Vyungu, vizuri sana. Nani alitengeneza? Hatujui." Akatikisa kichwa kwa masikitiko. "Hatujui."

Bibi alikuwa na Kiswahili kidogo alichookota kambini Buhemba alikokaa na babu, cha kununua chumvi na kukataa kupunjwa. Hatujui ilikuwemo ndani yake.

Aligeuka akanitazama. Kisha akamgeukia mgeni, hakumwachia mikono, akaanza kutafuta maneno. Sijawahi kuona mtu mzima akitafuta maneno namna ile.

"Mimi," alisema. "Mimi... iko udongo. Mama. Mama yangu iko... hii." Alichora hewani, kiganja kikiviringisha kamba isiyokuwepo. "Mimi najua. Mimi!"

Dereva alipiga honi. Bwana Chekeche alinitazama mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa naaminika. "Anasemaje?"

Baba hakuwepo. Alikuwa ng'ambo ya mto, kwenye ng'ombe. Hakuna aliyekuwa ameniambia chochote juu ya dakika ile.

"Anakutakia safari njema," nikasema.

"Aa! Asante, bibi, asante sana!" Akaipigapiga mikono yake, akapanda gari. Bibi aliifuata mpaka kwenye uzio, kiganja bado kinaviringika. Vumbi lilipotulia alirudi, akanipita, akasimama.

"Babaako nilimzaa, namjua uoga wake," alisema kwa lugha yetu. "Wewe nilikupa mdomo wangu."

Sikulia. Nilisema baba ndiye aliyeniagiza. Aliingia jikoni. Ulipofika wakati wa kula alitoka mlangoni akanitazama, na akasema kwa Kiswahili:

"Kijana. Chakula iko."

Nilidhani ni utani. Nikajibu kwa lugha yetu kwamba mume anataka kupakuliwa kikubwa. Akasema, "Kiti iko. Karibu." Akaniwekea sahani kubwa, yenye samaki wengi, jinsi mtu anavyomwekea mgeni, akaenda kula na Nyangeta.

Ng'ombe wa Bunda walikuja. Dada yangu alifunga ndoa kanisani, akapata watoto, akaishi vizuri na wakwe zake. Mmoja wa watoto wake, alipokua, alioa binti wa Waturi mchana kweupe, na pilau likaliwa. Nyangeta alipoujua ukweli, bibi akiwa ameshakufa, aliniuliza swali moja tu: kwa nini hamkuniuliza mimi?

Wakati ule, pale nyumbani, nilidhani hasira ya bibi itapita kama mvua. Haikuwa hasira. Hakunipiga, hakuninyima kitu, hakunisema kwa mtu. Aliongea lugha yetu na baba, na Nyangeta, na majirani, na kuku. Mimi nikiingia aliacha, akatafuta Kiswahili chake cha Buhemba. "Habari ya shule." "Maji iko." "Lala salama." Nilimjibu kwa lugha yetu, akanijibu kwa Kiswahili. Nilimletea kuni nyingi kuliko alivyowahi kuomba, akasema, "Asante sana, kijana." Niliomba msamaha, na aliusikiliza mpaka mwisho, akasema, "Haya," na sijui hiyo ilikuwa lugha gani. Nilipoanza sekondari hapa Musoma nilirudi kila likizo nikitumaini ataniita jina langu la utani kabla hajajikumbuka. Hakusahau hata mara moja.

Wengi walionizidi umri walikufa bila kusema ya kwao, na wajukuu wao hawana lawama. Mimi ninayo. Bibi yangu aliishi miaka mingi baada ya siku ile, katika ua uleule, tukila chungu kimoja, na kwa kusema ndiyo pale zizini, kisha kuirudia kwa hiari yangu mbele ya gari lile, nilimpoteza akiwa hai: alinitendea wema kama mgeni mpaka alipozikwa, na hakunihesabu tena kuwa mjukuu wake.